Askari wanabanduka rangi, kioo kina ukungu: je, ni hewa ya bahari?

Swali: Assalaam alaikum, fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Mjomba wangu anayefanya kazi Ujerumani aliniletea sanduku la ndege ya plastiki ya kuunganisha, skeli ya 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko halisi), pamoja na mfuko wa askari wadogo wa skeli hiyo hiyo. Ndege niliiunganisha kwa supagluu, kioo cha rubani kikaingia ukungu mweupe usiofutika. Askari niliwapaka rangi kwa makini, lakini ukimshika mmoja rangi inabanduka magamba. Na rangi ya kopo niliyopuliza kwenye mabawa imetoka na chembechembe, ukipitisha kidole kunakwaruza. Watu wananiambia ni hewa ya bahari, kazi hii haifai huku kwetu. Ni kweli? Ndoto yangu ni kuunda kipande cha ufuo wa Lamu wenyewe: jahazi, punda, watu waliovaa kanzu. Nifanyeje?

Jibu: Waalaikum salaam, mwanangu. Hao wanaokwambia kazi hii haifai pwani wamekosea. Mimi naifanyia hapa Malindi, karibu na bahari, na vijana ninaowafundisha wanatoa kazi safi. Yaliyokupata ni mambo matatu yenye sababu tatu tofauti. Hewa imechangia mawili kati yake, na yote mawili yana dawa. La askari halihusiani na bahari hata kidogo. Hao wangebanduka rangi hata ungewapakia Nairobi. Kwa hiyo tuanze nao.

Chukua kisu chenye makali, ukate kipande kidogo chini ya kibao anachosimamia askari mmoja, mahali pasipoonekana. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Kata kingine cha ukubwa huo kwenye ile fremu iliyobeba vipande vya ndege. Tia maji ya kunywa kwenye glasi, dondoshea tone la sabuni ya vyombo ili maji yasivibebe vipande juu kwa juu, kisha vitumbukize vyote viwili na uvisukume chini kwa kijiti. Cha ndege kitakwenda chini na kubaki huko. Cha askari, kama ninavyodhani, kitapanda na kuelea. Hapo utakuwa umeona kwa macho yako kwamba mjomba amekuletea plastiki mbili zisizo na undugu. Ya ndege ni polistairini: ngumu, nzito kidogo kuliko maji, ukiikunja inavunjika kwa mlio. Ya askari ni polithini, ile ile inayotengenezewa madumu ya maji: laini, nyepesi kuliko maji, inapinda na kurudi.

Polithini haikubali rangi kwa urahisi. Uso wake ni mtelezi mno, rangi haina pa kushika, na viyeyusho vya kawaida vya rangi na gundi haviulainishi. Juu yake kunabaki mafuta kidogo yaliyopakwa kalibu kiwandani ili vipande vitoke bila kung'ang'ania. Halafu askari mwenyewe ananepa: ukigusa mtutu wa bunduki yake unapinda, lakini rangi iliyokauka haipindi nao, inapasuka. Askari wa namna hii si bidhaa mbovu. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilianza kuuza wa kwake mwaka 1959, na vizazi vya watoto na watu wazima wamewapaka rangi wakadumu nayo. Wanataka maandalizi yao tu.

Kwanza ivue rangi ya zamani. Kama ni rangi ya maji, yaani akriliki, Dettol inayouzwa kila duka la dawa inatosha. Iweke bila kuchanganya na maji, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, walale humo usiku mzima. Asubuhi vaa glavu, wasugue kwa mswaki wa zamani ukiwa ungali unauchovya kwenye Dettol ile ile, na usiwapeleke kwenye maji mpaka rangi yote itoke. Ukiwahi kutia maji, rangi iliyolainika inageuka ulimbo na kung'ang'ania kila mkunjo. Wakishakuwa safi ndipo uwaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uwasuuze, uwaache wakauke hadi kesho yake. Tangu hapo usiwashike kwa vidole vitupu. Wagandishe kwenye vizibo vya chupa kwa ute wa gundi, ushike kizibo.

Sasa nenda kwenye duka la rangi za magari, uulize praima ya plastiki ya bampa, yaani rangi ya msingi inayoshikiza rangi ya juu. Mabampa mengi hutengenezwa kwa plastiki iliyo jamaa ya karibu ya polithini, na mafundi wa magari walishalitatua tatizo lako zamani. Puliza utando mwembamba sana, mmoja tu. Ukiikosa, gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo inasaidia: inamvika askari ngozi nyembamba inayopinda pamoja naye, na rangi inaishika ngozi hiyo. Paka akriliki juu yake, kamwe usipake rangi ngumu ya mafuta, na umalizie kwa vanishi ya akriliki. Hata hivyo, mtutu wa bunduki usiuchezee.

Jambo moja zaidi kuhusu polithini. Ule mshono unaomzunguka askari, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, usiukwangue wala usiupigie msasa, kwa sababu inaota manyoya. Ukate kwa wembe mpya, kidogo kidogo. Kwenye polistairini ya ndege mambo ni kinyume: mgongo wa kisu ukiupitisha wima juu ya mshono unatoa unyoya mwembamba na kuacha uso laini, kisha msasa wa maji wa namba 600 au zaidi unamalizia. Watu wengi huuruka mshono huu kwa sababu hauonekani kwenye plastiki tupu. Ukipaka rangi unajitokeza usoni mwa kisanamu kama kovu, na hapo hakuna rangi itakayouficha.

Tuje kwenye kioo cha rubani. Supagluu inapoganda hutoa mvuke, na mvuke huo hutua kwenye sehemu za karibu na kuganda huko, ukawa ule unga mweupe. Unyevu ndio unaoigandisha gundi hii, na Lamu unyevu upo asubuhi, mchana na usiku. Kwa hiyo hapa wanaoilaumu hewa wana hoja kidogo, ingawa ukungu huo huwapata hata watu wa bara wanaotumia supagluu nyingi mahali pamejifunga. Dawa ni kutoitumia karibu na kioo kabisa. Kioo gandisha kwa gundi nyeupe ya mbao: inakauka ikawa haina rangi, haitoi mvuke wa kuchafua, na ikimwagika unaifuta kwa kitambaa chenye maji. Hicho kilichokwisha kuharibika, kama ukungu uko upande wa nje, kisugue taratibu kwa dawa ya meno na pamba, ukioshe, kisha ukipake vanishi ya akriliki inayong'aa, nyepesi. Mara nyingi uangavu unarudi kwa kiasi cha kuridhisha. Kama uko ndani, jaribu kukibandua kioo kwa ncha ya kisu; supagluu ni ngumu lakini haipendi kukwanyuliwa.

Na mwili wa ndege nao haukustahili supagluu. Polistairini ina gundi yake, nyepesi kama maji, inayouzwa kwenye kichupa chenye brashi ndani ya kifuniko. Gundi hiyo haigandishi kwa kukaa katikati ya vipande viwili; inaviyeyusha nyuso zote mbili, zinachanganyika, kisha kiyeyusho kinaruka hewani na pale palipokuwa na vipande viwili pamebaki kimoja. Namna ya kuitumia inafurahisha kuitazama. Unashika nusu mbili za kiwiliwili cha ndege zikiwa zimekutana tayari, unagusisha ncha ya brashi kwenye ufa, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa mpaka mwisho. Bana kwa vidole mpaka utepe mwembamba wa plastiki iliyolainika uchungulie nje, halafu uache. Kesho ukiukata utepe huo na kupiga msasa, ufa hauonekani. Tahadhari ni moja: kidole chako kisikae juu ya ufa, maana gundi itapanda chini yake na kuchora alama za kidole kwenye plastiki. Fungua madirisha, na mtoto mdogo asikae karibu. Petroli na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha usizijaribu kama gundi wala kama sabuni, zinaila polistairini vibaya.

Chembechembe za kwenye mabawa ndizo zenye mchango mkubwa zaidi wa hali yetu ya hewa, lakini chanzo si unyevu, ni joto na upepo. Matone ya rangi yalitoka kwenye kopo, yakakauka hewani kabla ya kufika, yakatua yakiwa mavumbi. Ama ulipuliza kutoka mbali, ama juani, ama upepo wa alasiri ulikuwa umeshaanza. Unyevu una dalili yake nyingine: rangi inakauka ikiwa na weupe uliofifia, kama imepakwa maziwa. Kiyeyusho kinaporuka haraka hupoza uso wa plastiki, na maji yaliyomo hewani hutonea hapo hapo ndani ya rangi mbichi.

Basi chagua saa. Alfajiri na mapema asubuhi ndipo unyevu unapokuwa juu kabisa, acha. Alasiri upepo wa baharini unakuharibia, acha. Mimi hupuliza katikati ya asubuhi, umande ukiwa umeshakwenda na upepo haujapamba moto, kivulini, uani kuliko juu ya dari. Kopo nalitikisa sana, nashika umbali wa sentimita 20 hadi 25, naanza kupuliza nje ya kitu na kupita juu yake bila kusimama. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, inafaa sana. Masika yakianza, siku ya mvua usilifungue kopo, tumia praima ya kupaka kwa brashi. Kwa kweli kwa mtu wa Lamu ningeanza na ya brashi moja kwa moja, mpaka mkono uzoee. Mabawa yako yapige msasa wa maji wa namba 1000 na uyapake upya, hayajaharibika.

Joto linakuletea shida nyingine ambayo hukuiuliza ila najua inakusumbua: akriliki inakauka kwenye brashi kabla hujafika kwenye kisanamu. Tengeneza kibao cha maji. Tafuta kontena bapa la chakula lenye kifuniko, laza sponji nyembamba ndani yake, mimina maji mpaka iloe, kisha funika kwa kipande cha karatasi ya kuokea. Rangi unaiweka juu ya karatasi hiyo. Maji yanapenya polepole kutoka chini na kuifanya ibaki hai kwa saa nyingi, hata kesho ukifunga kifuniko. Tumia maji ya kunywa, si ya kisima chenye chumvi, na uoshe sponji kila baada ya siku chache kwa sababu huku ukungu unaota haraka.

Sasa ndoto yako, ambayo imenifurahisha kuliko maswali yote matatu.

Skeli ya 1/72 ilitoka kwa Waingereza: inchi moja inasimama badala ya futi sita. Kwetu sisi wa mita, gawa kila kipimo kwa 72. Mtu wa mita 1.7 anakuwa milimita 24. Punda mwenye kimo cha mita 1.1 begani anakuwa milimita 15. Mlango wa mita mbili unakuwa milimita 28. Jahazi la mita 18 linakuwa sentimita 25, linatosha kukaa kwenye rafu ya kawaida. Kabla ya kukata chochote, chukua utepe wa kupimia uende ufuoni, au upande boti hadi Matondoni wanakounda vyombo, uombe ruhusa upime: urefu wa mkuku (uti wa chini wa chombo), upana, kimo cha mlingoti, urefu wa foromali (boriti inayobeba tanga), umbali kutoka tezi (nyuma ya chombo) mpaka mlingoti. Andika yote. Picha peke yake zinadanganya. Na usione haya kukaa na wachongaji wa majahazi madogo ya mbao mlio nao hapo mjini. Mbao na plastiki vinaweza kukaa pamoja kwenye chombo kimoja, mwili wa mbao na vitu vidogo vya plastiki.

Kamba zake usinunue. Ile fremu tupu ya ndege uliyotaka kuitupa ndiyo kamba yenyewe. Kata kipande chake cha sentimita 10, kizungushe juu ya mwali wa mshumaa bila kukigusisha, mpaka katikati paanze kulegea na kung'aa. Kitoe motoni, hesabu moja, kisha vuta pande mbili kwa mwendo mmoja. Ukivuta polepole unapata uzi mnene, ukivuta kwa kasi unapata mwembamba kama unywele. Kamba halisi ya milimita 25 katika skeli yako inakuwa kama theluthi moja ya milimita, kwa hiyo henza, kamba ya kupandishia tanga, inataka uzi mnene kidogo. Ufunge kwa tone la gundi ya plastiki kila mwisho, na ukiona umelegea, sogeza karibu yake kijiti cha udi kinachofuka, bila kugusa. Joto lake linaukaza uzi ukanyooka mbele ya macho yako. Kama fremu ikishika moto hutoa moshi mweusi usiofaa kuvutwa, basi fanyia mahali penye hewa.

Mchanga wa ufuoni usiumwage kama ulivyo. Chembe ya milimita moja katika skeli hii ni jiwe la sentimita saba, la kumkwaza punda. Chekecha kwa kitambaa cha shashi, uchukue ule ulio kama unga. Kabla ya hapo uoshe kwa maji baridi mara kadhaa na kuukausha, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu, na baada ya miezi utaona madoa meupe yakipanda kwenye rangi.

Kanzu ndiyo itakayokupima. Anayeanza hufungua nyeupe na kupaka, akapata kitu bapa kama chokaa. Anza na kijivu chepesi chenye hudhurungi kidogo, upake kanzu yote. Zimua hudhurungi kwa maji mengi uiache itiririke kwenye mikunjo, hasa kwapani na kuanzia kiunoni kushuka chini. Ikikauka, rudisha krimu kwenye sehemu zilizoinuka, na nyeupe halisi iweke mwisho kabisa: begani, juu ya goti, na mstari mmoja mwembamba kwenye ukingo wa mkunjo mkubwa. Jicho litaiona kanzu yote kuwa nyeupe ya kufuliwa leo. Buibui ni hivyo hivyo kwa upande wa pili: nyeusi iwe vivulini tu, na palipoinuka paka buluu nzito iliyochanganywa na kijivu.

Kwa ngozi, achana na kichupa kinachoitwa rangi ya mwili, kimekusudiwa watu wa Ulaya. Msingi wetu ni kahawia nzito yenye wekundu ndani yake. Kivuli kiongezee buluu nzito kidogo badala ya nyeusi. Na palipopigwa na jua, paji la uso, pua na mifupa ya mashavu, ongeza rangi ya udongo mwekundu yenye uchungwa. Ukiongeza nyeupe ngozi inapauka kama majivu. Watu wa Lamu wana rangi nyingi, basi kila kisanamu kipe mchanganyiko wake.

Punda mpake kijivu cha joto, kisha chovya brashi kuukuu, ifute kwenye tishu mpaka ikaribie kukauka, umpitishie juu juu kwa rangi nyepesi zaidi ili manyoya yatoke. Usisahau mstari mweusi wa mgongoni na ule unaokata mabegani, wala weupe wa pua na tumbo. Askari wako wa polithini, kwa njia, wanaweza kuwa wachukuzi wa bandarini: kata bunduki, mvishe kikoi cha tishu iliyochovywa kwenye gundi nyeupe.

Kazi ikiisha iweke kwenye sanduku la kioo, mbali na dirisha linalopigwa na jua, na utie ndani vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Visu na koleo vipake mafuta ya cherehani kila umalizapo, ama sivyo chumvi itavila.

Mjomba akikuuliza akuletee nini safari ijayo, mwambie asihangaike na makopo ya kupuliza, rangi za mafuta, thina wala gundi ya plastiki. Vyote hivyo huwaka moto na haviruhusiwi kwenye ndege ya abiria, hata katika mzigo wa chini; agiza kupitia wauzaji wa hapa nchini. Akuletee akriliki za maji ambazo haziwaki: nyeupe, nyeusi, krimu, hudhurungi, kahawia nyekundu, udongo mwekundu na buluu nzito. Aongeze brashi mbili za nywele asilia zenye ncha nzuri, namba 1 na namba 2, na koleo la kukatia fremu. Koleo na nyembe avitie kwenye mzigo wa chini, asivibebe mkononi.